Nyayo za Laetoli na Historia ya Binadamu: Mguu Ulitangulia Ubongo

Utangulizi

Kwa muda mrefu wasomi wa kibeberu walifundisha kwamba historia ni maandishi, na kwamba watu wasiokuwa na maandishi hawana historia. Mwanafalsafa Hegel wa Ujerumani, katika mihadhara yake ya miaka ya 1820, aliitoa Afrika nje ya historia ya dunia. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1963, wakati nchi zetu zilikuwa zimeanza kujitawala, profesa wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alirudia wimbo ule ule: kwamba Afrika ina historia ya Wazungu waliofika huku tu, na kilichobaki ni giza.

Katika makala haya hatukusudii kujibu kejeli kwa kejeli. Kejeli haijengi fikra sahihi. Tunakusudia kuchambua ushahidi mmoja ambao haukuandikwa kwa kalamu wala kuchongwa kwa mkono, bali ulipigwa chapa kwa miguu ya wanyama na zamadamu katika ardhi ya Tanzania ya leo. Tutaeleza jinsi nyayo hizo zilivyohifadhika, zinasema nini juu ya wanyama wa kale, zinathibitisha nini juu ya waliotutangulia, na zina mipaka gani. Mwisho tutatazama wajibu unaotukabili. Sisi tunaofundisha elimu ya siasa tunalo jukumu la pekee hapa, maana kila siku tunawaambia wanafunzi wetu kwamba nadharia haina budi kupimwa kwa hali halisi. Nyayo za Laetoli ni mahali pazuri pa kulipima hilo.

Majivu yaliyogeuka kuwa kumbukumbu

Laetoli iko katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mwendo wa kilomita 45 hivi kusini mwa Bonde la Olduvai. Jina lenyewe ni la Kimaasai, nalo ni jina la ua jekundu linaloota huko. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ya jirani ilikuwa ikitema majivu laini mara kwa mara. Kwa miaka mingi mlima Sadiman ndio uliotajwa kuwa chanzo, ingawa baadhi ya watafiti wamelipinga jambo hilo. Majivu yalianguka juu ya nchi tambarare yakaifunika kama unga uliopepetwa. Kisha mvua nyepesi ikanyesha. Mpaka leo mashimo madogo ya matone ya mvua ile yanaonekana katika mwamba.

Majivu yaliyolowa yalishika kila kilichoyakanyaga. Kwa kuwa yalikuwa na chumvichumvi za madini, jua lilipowaka yakaganda mithili ya saruji. Kabla upepo na mvua kubwa havijaharibu alama hizo, volkano ikatema tena, na tabaka jipya likazifunika. Jambo hilo lilirudiwa mara kadhaa, hata likapatikana tabaka moja la mwamba lenye unene unaokaribia sentimita 15, likiwa na matabaka membamba ndani yake. Umri wake umepimwa kwa kutumia madini yenyewe. Potasiamu iliyomo ndani ya chembe za volkano hubadilika polepole, kwa kasi inayojulikana, ikawa gesi ya agoni. Mwenye kupima kiasi cha gesi hiyo huweza kukokotoa miaka iliyopita.

Hapa tutofautishe mfupa na unyayo. Mfupa huonyesha mnyama aliyekwisha kufa, na mara nyingi umekwisha kubebwa na mto au kuburutwa na fisi mbali na mahali alipoishi. Unyayo hauhamishwi. Ulipo ndipo mwenyewe alipokanyaga, akiwa hai, akienda mahali fulani kwa mwendo fulani, juu ya ardhi ile ile iliyokanyagwa na wengine katika siku zile zile. Kwa hiyo nyayo zinatuonyesha uhai ukiwa katika mwendo, na viumbe wakiwa katika uhusiano wao kwa wao na mazingira yao.

Wanyama wa Laetoli

Nyayo za kwanza ziligunduliwa mwaka 1976, wakati Mary Leakey alipokuwa akiongoza uchimbaji wa Laetoli. Wanasayansi wageni waliokuja kutembelea kambi yake walikuwa wakitaniana njiani kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka, na alipokuwa chini akaona mashimo katika mwamba, akatambua kuwa ni alama za matone ya mvua na kwato. Bahati ilikuwapo, lakini bahati humfaa mwenye kujua anachokitazama. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuupita mwamba ule.

Tangu hapo maelfu ya nyayo yamefukuliwa. Zimo za tembo, kifaru, twiga, swala wa aina mbalimbali, nyani, fisi na kanga. Nyingi kabisa ni za wanyama wadogo kama sungura na digidigi. Zimo pia za hiparioni, jamaa wa farasi aliyekuwa na vidole vitatu katika kila mguu, ambaye hayupo tena duniani. Mtu akiitazama orodha hii ataona kuwa mandhari ya wakati ule haikuwa tofauti sana na mbuga za sasa za Serengeti na Ngorongoro: majani, miti hapa na pale, majira ya ukame na majira ya mvua.

Nyayo hazitoi majina ya wanyama tu. Mtafiti hupima urefu wa unyayo, nafasi kati ya hatua na hatua, na kina cha chapa. Nafasi kati ya hatua, ikilinganishwa na urefu wa mguu, humwonyesha kama mnyama alikuwa akitembea au akikimbia, na kwa kasi gani. Kwa njia hiyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 1984 kuhusu nyayo za hiparioni wa Laetoli ulionyesha kwamba wanyama hao walikuwa wakienda mwendo wa haraka wa kubadilisha miguu mmoja mmoja, mwendo unaojulikana leo kwa aina chache za farasi. Hakuna mfupa ambao peke yake ungeweza kutuambia hayo.

Waliotembea wima

Mwaka 1978 mwanasayansi Paul Abell aliona kisigino kilichofanana na cha binadamu. Wataalamu wengine walilitilia shaka jambo hilo. Aliyepewa kazi ya kufukua alikuwa Ndibo Mbuika, mfanyakazi wa kambi, naye ndiye aliyefunua nyayo zilizomaliza ubishi. Uchimbaji wa mwaka 1978 na 1979 ulifunua njia yenye urefu wa mita 27 hivi na nyayo zipatazo 70. Walipita watatu. Mmoja mdogo alikwenda upande mmoja, na sambamba naye alikwenda mkubwa, na wa tatu akakanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa.

Nyayo hizi zinaonyesha nini? Kwanza, hakuna alama za mikono. Pili, kisigino kilitua kwanza kwa nguvu, kisha uzito ukapita ukafika mbele ya mguu. Tatu, kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine, wala hakikutanuka pembeni kama cha sokwe anayekamata matawi. Mjadala kuhusu mwendo wenyewe haujafungwa. Majaribio yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kuwa kina cha chapa kinalingana na cha mtu anayetembea kwa miguu iliyonyooka kama sisi, na uchunguzi mwingine wa mwaka 2016 ukadai kwamba magoti yao yalikunjika zaidi kidogo kuliko yetu. Lakini kwamba walitembea wima kwa miguu miwili, hilo halina ubishi tena.

Ni akina nani hao? Mwaka 1974 Maundu Muluila, mfanyakazi wa kundi la Mary Leakey, alipata hapo Laetoli taya la chini la zamadamu. Mwaka huo huo mifupa ya zamadamu aliyepewa jina la Lucy ilipatikana Hadar, nchini Ethiopia. Mwaka 1978 taya hilo la Laetoli ndilo lililofanywa kielelezo rasmi cha jamii nzima iliyopewa jina la kisayansi Australopithecus afarensis. Wataalamu wengi wanaamini kuwa jamii hiyo ndiyo iliyoacha njia ile ya nyayo. Nao ubongo wao ulikuwa mdogo, kiasi cha theluthi moja tu ya ubongo wetu.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kwa miongo mingi wataalamu wengi wa Ulaya walishikilia kwamba ubongo ndio uliotangulia: kwamba binadamu kwanza alipata akili kubwa, na akili ikamwinua kutoka katika unyama. Mwaka 1912 huko Piltdown, Uingereza, lilitangazwa fuvu lenye ubongo mkubwa na taya la nyani, likapokewa kwa shangwe kuwa ndilo la babu wa binadamu. Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la Taung la Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo na dalili za kusimama wima, alibezwa na wakubwa wa elimu hiyo. Ilikuwa mwaka 1953 tu ambapo ilithibitishwa kwamba Piltdown ilikuwa udanganyifu mtupu: fuvu la mtu na taya la sokwe, vilivyopakwa rangi ili vionekane vya kale. Kwa miaka 41 uongo uliheshimiwa kwa kuwa ulisema walichopenda kusikia, na ukweli ukasubirishwa mlangoni kwa kuwa ulitoka Afrika.

Laetoli ilimaliza kesi hiyo. Waliotembea pale walikuwa na miguu ya binadamu na ubongo mdogo. Mguu ulitangulia, ubongo ukafuata baadaye sana.

Friedrich Engels aliliona jambo hili kwa njia ya hoja kabla ya ushahidi kupatikana. Katika insha aliyoiandika mwaka 1876, iliyochapishwa mwaka 1896 baada ya kufa kwake, alieleza kwamba hatua ya kwanza ya kukata shauri ilikuwa kusimama wima, ambako kuliiacha mikono huru kwa kazi, na kwamba kazi ndiyo iliyoukuza ubongo. Sehemu ya kwanza ya hoja yake imethibitishwa na majivu ya Laetoli. Lakini tusimfanye Engels kuwa nabii. Zana za mawe za kale kabisa zinazojulikana, zile za Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zilizotangazwa mwaka 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3. Hivyo zaidi ya miaka laki tatu inatenganisha nyayo za Laetoli na zana hizo. Huenda fimbo na majiti yalitumika kabla ya hapo yakaoza. Hata hivyo, kwa ushahidi uliopo, kusimama wima hakukuleta zana mara moja. Mikono iliachwa huru kwa muda mrefu mno kabla haijatengeneza jiwe. Kwa hiyo mwenye kufundisha kwamba mtu alisimama ili atengeneze zana anageuza matokeo kuwa sababu.

Njia haikuwa moja

Fikra nyingine inayosahihishwa na nyayo ni ile ya ngazi: kwamba kila hatua ilikuwa na zamadamu wa aina moja, akaja mwingine akachukua nafasi yake, hadi tukafika sisi. Mwaka 2014 na 2015 watafiti wa Tanzania wakiongozwa na Fidelis Masao, akiwemo Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walipokuwa wakikagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho, walifunua nyayo za watu wengine wawili, mita 150 hivi kutoka kwenye njia ya kwanza. Mmoja wao amekadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi, mrefu kuwapita wote watatu wa mwanzo. Ugunduzi huo, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba tofauti za kimo kati yao zilikuwa kubwa.

Kisha mwaka 2021 kundi la watafiti, akiwemo Mtanzania Charles Musiba, lilitoa matokeo mengine. Mwaka 1976 zilikuwa zimeonekana Laetoli nyayo tano za ajabu, na baadhi ya wataalamu wakasema huenda ni za dubu aliyesimama. Zilipofukuliwa upya mwaka 2019 na kulinganishwa na nyayo za dubu, za sokwe na za watu, ikaonekana si za dubu; na katika mifupa yote iliyokusanywa Laetoli hakuna hata mmoja wa dubu. Aliyezipiga alitembea wima, hatua moja ikivuka mbele ya nyingine, kwa mguu mpana na mfupi usiofanana na wa jirani zake. Kwa maneno mengine, inaelekea zamadamu wa aina mbili walitembea wima katika nchi moja wakati mmoja.

Hali kadhalika, mashariki mwa Ziwa Turkana ulitangazwa mwaka 2024 uwanda wenye umri wa miaka milioni 1.5 ambamo nyayo za aina mbili za zamadamu zimepigwa katika tope moja, kwa tofauti ya saa au siku chache. Watafiti wanaamini mmoja alikuwa Homo erectus na mwingine Paranthropus boisei. Mmoja ana uhusiano na sisi. Mwingine alitoweka bila kuacha kizazi. Maendeleo ya viumbe hayakwenda kwa mstari ulionyooka, na hakuna aliyepewa ahadi ya kufika.

Tusisome kisichokuwamo

Ushahidi mzuri huvutia watu kuusemesha wanayotaka. Picha nyingi zilizochorwa Ulaya na Marekani zinaonyesha watu wa Laetoli kama baba, mama na mtoto, baba amemwekea mama mkono begani. Nyayo hazina jinsia. Mdogo yule huenda alikuwa mtoto, huenda alikuwa mtu mzima mfupi. Wachoraji hao walichukua familia ya mjini ya karne ya 20 wakaivika manyoya na kuirudisha nyuma miaka milioni 3.66, ili ionekane ya maumbile na ya milele.

Lakini onyo hilo ni letu pia. Wako wenzetu ambao, wakisikia kuwa wa tatu alikanyaga katika nyayo za wa pili, watakimbilia kusema kwamba hao walikuwa wakiishi kijamaa. Hilo nalo halimo katika majivu. Mtu hukanyaga alipokanyaga mwenzake kwa kuwa ardhi inateleza, au kwa kuwa ni rahisi zaidi. Elimu ya siasa inayotegemea ushahidi wa kubandika huanguka siku mwanafunzi mmoja mwerevu anapouliza swali.

Pale ambapo ushahidi unaruhusu, tuseme kwa kiasi chake. Huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron na chini ya mlima Oldoinyo Lengai, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi, zilizopigwa kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2020 walitambua kundi la watu 17 waliokwenda pamoja upande wa kusini-magharibi. Kwa kupima urefu wa nyayo na kulinganisha na za watu wa leo, walikadiria kuwa 14 walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume na mmoja kijana wa kiume. Wanaona kuwa kundi la namna hiyo linafanana na la wanawake wanaokwenda kutafuta chakula pamoja, kama wanavyofanya mpaka leo baadhi ya watu wanaoishi kwa kuchuma na kuwinda. Ni makadirio, lakini yana msingi: idadi, mwelekeo, kasi, na mfano hai. Nayo yanatukumbusha kazi ya wanawake, ambayo vitabu vingi vya zama za mawe viliisahau vikamsifu mwindaji peke yake.

Nani aliyefukua, nani atakayelinda

Mnamo mwaka 1935 Louis Leakey aliokota Laetoli jino la zamadamu, likapelekwa London, likaandikwa kuwa la nyani. Lilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1938 na 1939 Ludwig Kohl-Larsen alikusanya visukuku vingi katika eneo hilo hilo akavipeleka Ujerumani. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa ukoloni: mali ghafi hutoka, maarifa hutengenezwa kwingine, kisha hurudi kwetu yakiwa kitabu cha kununua. Na katika vitabu hivyo majina ya akina Mbuika na Muluila, ambao mikono na macho yao yalifanya kazi, huwekwa pembeni kama yanatajwa kabisa. Kwamba leo majina ya Masao, Ichumbaki na Musiba yamo miongoni mwa wenye kuandika matokeo ni hatua ya maana.

Lakini haki ya kumiliki huja na mzigo wa kutunza. Mwaka 1979 njia ya nyayo ilifunikwa kwa mchanga na mawe ili isiharibike. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kupenya katika mwamba. Kilichohimili miaka milioni 3.66 kikawa hatarini kwa muda usiotimia miaka 20. Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale, ikishirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani, ilifukua upya, ikaondoa mizizi, ikatengeneza nyufa, ikachukua vipimo na picha, kisha ikafunika tena kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu. Wenyeji wa Kimaasai walishirikishwa, na kiongozi wao wa kimila akaendesha sherehe ya kuuombea baraka mwamba huo. Hiyo haikuwa mapambo. Wanaoishi hapo ndio wanaoona mapema mawe yakihamishwa au maji yakikata mkondo mpya.

Wapo wanaotaka nyayo zifunuliwe ili watalii wazione na fedha zipatikane, na wapo wanaotaka zibaki chini. Swali hili si dogo. Fedha za kigeni zina kazi, na mtoto wa Tanzania ana haki ya kuona urithi wake kwa macho yake. Lakini mwamba ule ni majivu yaliyoshikamana. Jua, mvua na vumbi vinaumega. Msimamo wetu ni kwamba kisifunuliwe kitu ambacho hakijapatiwa jengo, wataalamu na bajeti ya kudumu ya kukilinda. Kwa sasa nakala za plasta zilizochukuliwa na Mary Leakey, pamoja na vipimo vya baadaye, zinatosha kufundishia. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na nakala anaweza kulowesha majivu ya jikoni, akamwambia mtoto akanyage, na somo likaanza.

Hitimisho

Kwa ufupi, nyayo za Laetoli zinatufundisha mambo matatu. Kwanza, kwamba vitendo vya mwili vilitangulia ukubwa wa akili, na kwamba waliofikiri kinyume walishikilia udanganyifu kwa miaka 41. Pili, kwamba njia ya kuja kwetu ilikuwa na matawi mengi, na mengine yalikatika. Tatu, kwamba ushahidi una mipaka, na mwenye kuiheshimu ndiye anayestahili kuaminiwa anaposema kwa nguvu.

Kwa hiyo tuzifundishe nyayo hizi katika vyuo na madarasa yetu si kwa kujivuna kwamba sisi ni wa kwanza, maana wale waliopita Laetoli ni jamaa wa binadamu wote, wa Hegel na wa kwetu sawasawa. Tuzifundishe kwa kuwa zimo katika ardhi tuliyokabidhiwa, na kwa kuwa zinamtaka kila anayezisoma apime kwanza, kisha aseme.